Droni Angani, Sheria kwa Kiingereza

Alfajiri moja ya Agosti 2024, katika kijiji kimoja cha Bungoma, nilikuwa miongoni mwa umati uliomngoja mvulana wa Kibukusu arudi kutoka mtoni kutahiriwa. Alikuja uchi, amekandikwa matope mwili mzima. Juu ya utosi wake ilivuma droni. Wazee waliinua macho, kisha wakatazamana. Hakuna aliyejua amkemee nani, wala kwa sheria ipi.

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2020 zinataka kila droni, hata ya burudani, isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila idhini, hairuhusiwi kupaa zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, wala kumkaribia mtu asiyehusika kwa chini ya mita 50, awe uwanjani au uani kwake. Kule Kitale mambo ni nafuu. Mbuga ya Taifa ya Saiwa ina askari langoni, na droni isiyo na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haiingii kumsumbua nzohe kinamasini. Nzohe ana mlinzi, basi. Mtoto wa Mbukusu hana.

Naamini chanzo ni lugha. Kanuni hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunashinda tukibishana iwapo tuseme droni, ndege isiyo na rubani, au ndege nyuki kama wenzetu wa Tanzania. (Mimi nasema droni; wapiga picha za harusi wa Kitale walikwisha kuamua.)

Napendekeza chama chetu kitafsiri vifungu vya usajili, kimo na umbali katika ukurasa mmoja, kiusambaze kwenye mabaraza ya machifu na studio za picha kabla ya msimu ujao wa tohara, ambao huangukia Agosti ya mwaka shufwa. Wanasheria watasema tafsiri ya wanafunzi haina nguvu mahakamani. Nakubali. Lakini wazee wale hawakuwa na safari ya mahakamani. Walihitaji tu kumwambia kijana mwenye rimoti: rudi nyuma mita 50.