Nani Alimaliza Pesa?

Haya jamani, baada ya kipindi cha wiki iliyopita kuhusu bajeti, baba yangu alinipigia simu. Hakosi kipindi hata kimoja, na hakosi la kukosoa. "Mwanangu, mnazunguka sana. Labour walimaliza pesa. Si waliandika wenyewe kwenye karatasi?"

Karatasi anayoisema ipo kweli. Mei 2010, Labour walipotoka madarakani, Liam Byrne, waziri aliyekuwa akisimamia matumizi pale Hazina, alimwachia mrithi wake kikaratasi cha kumwambia kwamba pesa hakuna. Alikusudia utani. Miaka mitano baadaye David Cameron alikuwa bado anakipunga kwenye kampeni. Kwa Baba, kesi iliishia hapo.

Mimi nikamkumbusha teksi yake.

Baba ameendesha teksi London Mashariki miaka mingi. Mwaka 2009 abiria walikauka. Aliyepoteza kazi hapandi teksi, na mwenye kazi alikuwa anaogopa kuipoteza, kwa hiyo naye alipanda basi. Nyumbani deni la kadi likawa linapanda kila mwezi. Mama hakuongeza hata kilo moja ya mchele. Matumizi yalikuwa yale yale, kilichoanguka ni mapato. Nikamuuliza, "Baba, mwaka ule ulikuwa mfujaji?" Kimya.

Serikali nayo yaliikuta hayo hayo. Katika mdororo ule uchumi wa Uingereza ulisinyaa kwa takriban asilimia 6. Kodi za mabenki, za mishahara na za mauzo ya nyumba zikapungua, na wakati huo huo watu wasio na kazi, wenye haki ya kupata posho, wakaongezeka. Nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya inachokusanya serikali na inachotumia, ilikuwa karibu asilimia 3 ya pato la taifa mwaka wa fedha 2007/08. Miaka miwili baadaye ilifika kama asilimia 10. Kuna sehemu iliyokuwa uamuzi wa makusudi, kwa mfano VAT kuteremshwa kutoka asilimia 17.5 hadi 15 kwa miezi 13 ili watu wasiache kununua. Lakini sehemu kubwa ililetwa na mdororo wenyewe.

Je, Labour hawana lawama? Wanayo. Wahenga walisema akiba haiozi, na Gordon Brown alikuwa akikopa hata katika miaka mizuri. Halafu kuna ule usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabenki yaliachwa yacheze yatakavyo, na Oktoba 2008 serikali ikalazimika kumwaga mabilioni ya pauni kuokoa RBS na Lloyds. Huo ndio ukuta wenyewe.

Ila hapa Conservative nao hawachomoki. Septemba 2007 George Osborne aliahidi kwamba chama chake kingefuata mipango ile ile ya matumizi ya Labour. Na sikumbuki wakipiga kelele kwamba mabenki yabanwe zaidi. Ufa waliuona wote, wakapita.

Kwangu mimi swali zito zaidi linakuja baada ya hapo. Mdororo haukumuuliza mtu. Lakini nani alipe, hilo watu walikaa mezani wakaliamua, na ndilo wanalopaswa kulijibu.

Mimi nilipokuwa na miaka 16 nilikuwa napata EMA, ile posho ya pauni 30 kwa wiki kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Ilinilipia basi, chakula cha mchana na vitabu. Mdogo wangu alipoanza chuo Septemba 2011, serikali mpya ilikuwa imeshaifuta England. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini waliendelea kuitoa, kwa hiyo tusiambiwe hakukuwa na njia. Mdogo wangu akaenda kusimama kaunta ya duka kila Jumamosi na Jumapili, na alama zake zikaonyesha hivyo. Wakati huo huo VAT ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 20, na VAT haijali kama wewe ni benki au mtoto wa dereva teksi.

Kisha nikamkumbusha Baba jambo ambalo huwa halizungumzii. Halmashauri ilipokatwa bajeti, nayo ikakata mkataba wake wa kupeleka watoto wenye ulemavu shuleni. Yale "matumizi ya serikali" yaliyokuwa yakilaumiwa kwenye televisheni, kumbe sehemu yake ilikuwa riziki yetu. Hapo ndipo serikali inapoachana na nyumba. Mama akibana matumizi, duka la jirani halifungwi. Serikali ikibana wakati kila mtu amebana, anayekosa abiria ni Baba.

Akashusha pumzi. "Sawa. Lakini deni lazima lilipwe."

Kweli, Baba, lazima. Ila mwanasiasa akikupungia karatasi, usimuulize tu nani alitumia. Muulize mapato yalianguka kwa nini, nani aliuona ufa akanyamaza, na bili amempelekea nani.

"Na wewe muulize mdogo wako," akasema, "kama amenisamehe kura yangu ya 2010."

Sijamuuliza bado. Jumapili tunakula wote kwao.