Pombe ya Chungu na Bia ya Chupa Zipimwe kwa Mizani Moja

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo wafaa kukumbukwa na kila mkazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza mjini mpaka Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, kila inapozungumzwa habari ya vileo. Jijini Mwanza mna viwanda viwili vikubwa vya bia, kimoja cha Kampuni ya Bia Tanzania na kingine cha Serengeti. Vijijini na visiwani mna vyungu na mapipa ya akina mama wapikao pombe ya mtama, ya uwele, ya mahindi na ya ndizi. Bia ya viwandani huitwa maendeleo. Pombe ya chungu huitwa ushamba, na mara nyingine huitwa uhalifu. Sisi twasema kuwa hukumu hiyo imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Tuweke wazi jambo moja kwanza. Safu hii haimshawishi mtu yeyote kunywa. Ulevi umevunja nyumba nyingi, na mvuvi aingiaye ziwani hali amelewa huhatarisha roho yake na za wenzake mtumbwini. Lakini maadamu vileo vipo, vyauzwa kwa leseni na kutozwa kodi, haki yadai kwamba vyote vipimwe kwa mizani moja, kileo cha mnyonge na kileo cha mwenye nguvu.

Bia ya kiwandani ina sifa zake, na hatuna budi kuzitaja. Kiwanda cha kwanza cha bia nchini kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa umma, na wenye umri watakumbuka jinsi bia ilivyoadimika katika miaka ya 1980. Mwaka 1993 nusu ya hisa iliuzwa kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Na kampuni iliyotokana na hiyo, SABMiller, ikanunuliwa mwaka 2016 na AB InBev, yenye makao yake makuu Ubelgiji. Kampuni ya Serengeti nayo ilinunuliwa hisa asilimia 51 na East African Breweries ya Kenya mwaka 2010. Tokea mabadiliko hayo bia imejaa madukani. Kila chupa hufanana na mwenzake, nguvu ya kileo imeandikwa juu yake, maji yaliyotumika yamesafishwa, na Hazina hupata ushuru. Ipo hata bia iitwayo Balimi, yaani wakulima kwa Kisukuma, nayo imepata kudhamini mashindano ya mitumbwi ziwani humu.

Pombe ya chungu ni jambo jingine. Bia ya kiwandani hupikwa kwa shayiri na kutiwa hopsi, ua litokalo nchi za baridi. Kisha huchujwa na kupashwa moto ili hamira ife na bia ikae miezi kadhaa bila kuharibika. Pombe ya chungu haichujwi kiasi hicho wala haiuliwi. Mama hulowesha mtama mpaka uote, huuanika, huusaga ukawa kimea, hupika uji na kuuchachua kwa kimea hicho. Siku ya kwanza ni tamu kama togwa, siku ya pili au ya tatu imekolea, na baada ya hapo huelekea kuwa chachu. Kule Bukoba rubisi ya ndizi huchachushwa katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, pamoja na unga wa mtama uliokaangwa. Pombe hizi hazisafiri mbali wala hazingoji. Ladha yake hubadilika kwa mpishi, kwa nafaka na kwa maji.

Huenda msomaji akadhani kuwa mambo haya ni ya watu walioachwa nyuma na dunia. Sivyo hata kidogo. Huko Bavaria, Ujerumani, watawala walitoa amri mwaka 1516 kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, na mpaka leo wapishi wa miji midogo hujivunia amri hiyo. Uingereza, wanywaji wenyewe walianzisha chama mwaka 1971 kutetea bia ya mapipa isiuawe na bia ya makampuni makubwa. Marekani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya bia vilikuwa vimepungua hata havikufika 100. Mwaka 1978 sheria iliruhusu raia kujipikia bia nyumbani, na kutokana na wapishi hao wa nyumbani walizaliwa mafundi wengi wa bia ya mapipa machache; leo nchi hiyo ina viwanda zaidi ya 9,000, vingi vyao vidogo. Ubelgiji ndiyo inayostaajabisha zaidi. Nchi ile ile yenye makao ya kampuni kubwa kuliko zote duniani hulinda pia bia za watawa na za mafundi wa vijijini, na mwaka 2016 UNESCO iliuandika utamaduni wa bia wa Wabelgiji katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mataifa hayo yalijenga viwanda vikubwa, yakaona faida yake, kisha yakagundua kuwa yalikuwa yakipoteza kitu. Sasa huko mtu hulipa bei ya juu kwa bia yenye tope, isiyochujwa, iliyopikwa na fundi anayemjua kwa jina. Bia hiyo ndugu yake ni ipi, kama si mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, rubisi ya Bukoba na pombe ya mtama ya Usukuma? Tofauti ni kwamba fundi wa Ubelgiji hupewa nishani, na mama wa kisiwani huhofia pipa lake kumwagwa.

Hata hivyo, mnyonge hasaidiwi kwa kufichiwa makosa yake. Pombe ya chungu ina kasoro kubwa. Maji ya kupikia aghalabu hutoka ziwani moja kwa moja, na ziwa hili lina kichocho, na mara kwa mara pwani zake hukumbwa na kipindupindu. Uji ukichemka sawasawa vijidudu hufa. Lakini mpishi akiongeza maji mabichi baada ya pombe kupoa, au akitumia kata moja kwa wanywaji wote, kazi yote ya moto imekuwa bure. Wapo wanaotumia mapipa yaliyobeba mafuta au dawa. Nguvu ya kileo haipimwi, na mnywaji hajui amekunywa kiasi gani. Kasoro hizi zatibika kwa maji safi, vyombo safi na maarifa. Hazihitaji rungu.

Hapa ndipo maofisa wetu wapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo kila siku huchanganywa. Pombe iliyochachuka si gongo. Gongo hukenekwa kwa moto, ni kali mara nyingi zaidi, na sheria ya mwaka 1966 imepiga marufuku kuitengeneza bila idhini. Pombe ya kienyeji inatambuliwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na vilabu vyake vyaweza kupewa leseni. Msako unapomwaga vyote kwa pamoja, hatari huongezeka. Mapipa ya pombe ni makubwa, huonekana, huchukua siku kuiva. Gongo hufichwa kwenye dumu chini ya kitanda. Anayesakwa bila kubagua hujifunza kupika kile kinachofichika.

Majirani zetu wamelipa gharama ya somo hili. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwaka 2004 ilianza kuuzwa huko bia ya bei nafuu iitwayo Senator, ikasamehewa ushuru ili iwavute watu kutoka kwenye vileo haramu. Mwaka 2010 sheria mpya ikaruhusu hata chang'aa itengenezwe kwa leseni na masharti. Mwaka 2013 Senator ikatozwa ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaanguka. Na Mei 2014 makumi ya watu wakafa tena kwa methanoli. Hatusemi kuwa jambo la kwanza peke yake ndilo lililozaa la pili. Twasema kwamba mnywaji maskini akishindwa bei, aghalabu haachi kunywa, hushuka ngazi. Sisi wenyewe tuliona hivyo kwa viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, na ilifanya vema.

Kwa mtu wa kisiwani ngazi hiyo ni fupi zaidi. Kreti ya bia huvuka kwa meli mpaka Nansio au kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi, kisha hupanda mtumbwi kwenda Ukara na makambi ya mbali. Kila kituo huongeza bei, na chupa tupu lazima zirudi. Usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha nyavu, fedha na kiu hukutana kambini. Bia ikiwa ghali na pombe ya mama ikiwa imemwagwa, kinachobaki ni gongo.

Tena liko suala la uchumi. Fedha ya pombe ya chungu hubaki kijijini: kwa mwenye mtama, kwa mchukuzi wa kuni, kwa mama anayelipia mtoto sare za shule. Viwanda vikubwa navyo vimekwisha kuona thamani ya nafaka yetu. Uganda ilianza kupika bia ya mtama iitwayo Eagle mwaka 2002, na wakulima wakapata soko. Arusha ipo kampuni ya Banana Investments iliyotia kinywaji cha ndizi katika chupa na kukiuza kihalali. Basi njia ipo.

Twapendekeza haya. Halmashauri za Ukerewe, Buchosa, Sengerema na Muleba ziwaandikishe wapika pombe kwa ada ndogo, na sehemu ya ada hiyo irudi vilabuni kama maji safi na vyoo. Maofisa afya wa kata wakague na kufundisha kabla ya kuadhibu. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Shirika la Viwango waandae kanuni nyepesi za kimea, vyombo na upimaji, ambazo mama asiye na kiwanda aweza kuzifuata. Polisi waelekeze nguvu zao kwenye gongo. Nao akina mama waungane katika ushirika, wakatae maji mabichi, wakatae kumuuzia mtoto na mvuvi anayekwenda ziwani usiku ule.

Hatuombi pombe ya chungu ipendelewe. Ikikaguliwa ikaonekana chafu, na ifungiwe, kama ambavyo kiwanda kichafu kingefungiwa. Lakini ikiwa safi, iuzwe mchana kweupe kwa heshima ya kazi ya mikono. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.