Saa ya GPS Haikuokoi

Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hizi orodha za "saa bora 10 za safari za porini" zinazozagaa kwenye mtandao. Mtu anaiokota orodha ya Marekani au Ulaya, anaitafsiri harakaharaka, anabadilisha bei iwe shilingi, kisha anatuambia tununue. Saa hii inafaa kwenye theluji. Saa ile inapima urefu wa mlima. Hii nyingine inajua umelala vipi jana na moyo wako umepiga mara ngapi. Halafu kijana wa Garissa, au wa Nairobi anayepanga kuja huku kuwaona twiga na hirola, anatoa pesa ya mbuzi kumi wazima akiamini amenunua usalama.

Alichonunua ni saa. Usalama ni kitu kingine, na naomba nieleze kwa nini.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. GPS ni redio ya kupokea tu. Setilaiti zinazunguka juu yetu, umbali wa kilomita kama 20,200, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu, kinakuambia upo wapi. Basi. Setilaiti hazijui kama upo. Hakuna ofisi yoyote inayokuona kwenye skrini. Ukipotea nje ya mtandao wa simu, saa yako itakuonyesha kwa usahihi wa mita tano mahali unapokufia kiu, na hakuna mtu mwingine duniani atakayejua.

Nimekutana na watu wasomi kabisa, wenye digrii, wanaoamini kuwa "nina GPS" maana yake ni "watanipata". Nani atakupata? Umemwambia nani?

Mfano mzuri tunao hapahapa kwetu. Mwaka 2020, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kule Ijara, iligunduliwa kuwa majangili walikuwa wamewaua twiga weupe wawili. Alibaki mmoja tu anayejulikana, dume. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe yake. Kifaa kile kilikuwa na kazi mbili: kujua mahali, na kutuma mahali hapo kila saa. Na upande wa pili walikuwepo askari wa wanyamapori wanaopokea, wanaoijua nchi ile, wenye uwezo wa kwenda. Ukiondoa kutuma, au ukiwaondoa wale askari, twiga angebaki na pambo tu pembeni. Sasa jiulize: wewe na saa yako ya pesa nyingi, unamshinda yule twiga kwa lipi?

Vipo vifaa vya binadamu vinavyotuma. Garmin inReach, kwa mfano, hupeleka ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, ambazo ziko 66 na zinafika kila pembe ya dunia. Hiyo ni kazi ya kweli na naiheshimu. Lakini jua unachonunua. Kuna ada ya kulipa kando na bei ya kifaa, na usipolipa, kifaa hakitumi kitu. Ukibonyeza SOS, ishara inapokelewa kwanza Texas, Marekani, halafu wao waanze kutafuta nani wa kumpigia Kenya. Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuweka mle ndani ni ya ndugu yako wa Garissa mwenye gari na mafuta. Na simu za iPhone kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazotuma SOS kwa setilaiti? Huduma ile ilianzia Marekani na Kanada. Soma orodha ya nchi zinazohudumiwa kabla hujaweka roho yako kwenye tangazo.

Haya, tuje kwenye sifa zinazouzwa kwa bei kubwa. Saa za siku hizi zinajisifu kwa kupokea masafa mawili na mifumo minne: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Ni uhandisi mzuri. Unasaidia sana katikati ya maghorofa ya Nairobi au kwenye korongo lenye kuta, kwa sababu mawimbi hugonga kuta na kurudi, yanadanganya kifaa. Garissa je? Nchi ni tambarare, mji wenyewe uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mbingu ziko wazi kutoka upeo hadi upeo. Kifaa cha kawaida kabisa hufanya kazi yake hapa kuliko saa ya kifahari inavyofanya mjini London. Unalipia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, na kadiri kinavyosikiliza zaidi ndivyo betri inavyokwisha haraka.

Na kile kipimo cha mwinuko? Kwa mpanda Mlima Kenya ni msaada. Ukitoka Garissa kwenda Dadaab hakuna cha kupanda. Ubaya wa nchi tambarare ni huo hasa: hakuna kilima cha kukuelekeza, vichaka vinafanana, na njia za magari zinagawanyika kila zinapokutana na matope. Unachohitaji ni mstari wa njia uliyokuja nayo, uweze kuifuata kurudi. Kifaa cha bei nafuu chenye skrini ya rangi mbili kinaweza kazi hiyo.

Sifa inayotakiwa kuwa ya kwanza kwenye orodha zao, wao huiweka mwisho: betri na joto. Apple wenyewe wanaandika kuwa iPhone itumike kwenye joto la hewa kati ya nyuzi 0 na 35. Hapa kwetu nyuzi 35 ni mchana wa kawaida kwa miezi mingi, na hapo hujaiweka simu kwenye dashibodi ya gari. Simu ikizidiwa na joto inafifiza skrini, inakataa kuchaji, mwisho inajizima. Inajizima saa nane mchana, wakati hasa unapoihitaji.

Ndiyo maana bado nawatetea wale wazee wa betri za AA. Garmin eTrex ya kwanza ilitoka mwaka 2000 na ilitumia betri mbili za AA. eTrex SE ya mwaka 2023 bado inatumia mbili hizohizo. Ukiishiwa, unabadilisha, unaendelea. Betri za AA utazipata kwenye duka la kijiji ambako hakuna umeme wala chaja ya saa yako, ile yenye waya wa ajabu usiopatikana hata Nairobi. Na vitufe vyake vinabonyezeka ukiwa na jasho na vumbi mikononi. Jaribu kutelezesha kidole chenye jasho kwenye kioo cha saa uone.

Nitakuwa mkweli: saa za sola zina haki yao hapa. Garmin wanaposema sola inaongeza muda wa Instinct Solar, hesabu yao inadhani umekaa nje saa tatu kila siku kwenye mwanga wa laksi 50,000. Jua hilo tunalo, na la kugawa. Lakini GPS ikiwa inafanya kazi mfululizo, sola inaongeza saa kadhaa tu. Usiifanye kisima.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, maana nisije nikaonekana nawacheka wengine tu.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Wakati wa ukame, mwaka 2022, niliandika fomu ndogo ya simu ya kuorodhesha mahali panapohitaji maji, ili maboza yajue pa kwenda. Fomu ilikuwa safi, rangi nzuri, nilijipongeza. Sehemu ya latitudo niliiacha ipokee namba tu. Sikuuliza kaskazini au kusini.

Mnaoishi kwingine mtasema, kosa dogo, litaonekana mara moja. Kweli. Ukiisahau alama ya kusini ukiwa Dar es Salaam, ramani inakutupa kwenye milima ya Ethiopia, unacheka, unasahihisha. Lakini Ikweta inapita ndani ya kaunti ya Garissa! Mji wa Garissa uko dakika 27 kusini ya mstari huo. Dadaab iko kaskazini yake kidogo. Ukiigeuza kusini kuwa kaskazini, mahali pa karibu na mji panahamia kilomita 100 juu, upande wa Lagdera, kwenye vichaka vilevile, kaunti ileile. Hakuna kitu kwenye ramani kitakachokushtua.

Aliyeshtuka ni dereva wa boza, mtu mzima aliyezijua njia hizi kabla sijazaliwa. Alinipigia simu.

"Kijana wangu, hicho kijiji kimehama lini?"

"Hakijahama, Adeer. Fuata ramani tu."

"Basi ni ramani yako iliyohama. Mimi naenda kwenye watu."

Akaenda kwenye watu. Maji yakafika. Kama angekuwa dereva mgeni mwenye saa ya kisasa mkononi na imani kama yangu, angeyapeleka maji kilomita 100 kwa usahihi wa mita tano, mahali pasipo na mtu. Na kule kwingine kuna mama na mitungi yake mitupu anasubiri. Sijaandika fomu isiyouliza kaskazini au kusini tangu siku ile.

Kutoka hapo nina maswali yangu ninapochagua kifaa, na sijawahi kuyaona kwenye orodha yoyote ya saa bora 10. Je, kinanionyesha namba za mahali waziwazi, pamoja na herufi ya kaskazini au kusini? Naweza kuingiza namba kwa mkono, bila simu, bila intaneti? Naweza kuchagua namna ya kuziandika? Maana 0°27'20" ni digrii, dakika na sekunde. Mtu akiisoma kama digrii 0.2720 amekosea kilomita 20. Tena kinaniruhusu kubadilisha datamu, yaani msingi ambao ramani ilipimiwa? Ramani za zamani za karatasi za Survey of Kenya, zile za 1:50,000, zilipimwa kwa Arc 1960, na GPS huanza na WGS84. Tofauti ya hizo mbili hapa ni kama mita 300. Kwenye vichaka vya huku, mita 300 zinatosha kukipita kisima bila kukiona. Saa nyingi za maridadi huficha mambo haya mbali kabisa kwenye mipangilio, au haziyaweki kabisa, kwa sababu zimetengenezewa mtu anayekimbia kuzunguka bustani.

Kuna hatari nyingine ya saa hizi ambayo kwa majirani wa mpaka wa Somalia si ya mchezo. Mwezi Januari 2018 dunia iligundua kuwa ramani ya Strava, iliyokusanya mazoezi ya watumiaji wake, ilikuwa inachora kambi za kijeshi Afghanistan na Syria, kwa sababu tu askari walikimbia na saa zao mkononi. Ukija huku, zima kushirikisha njia zako. Njia unayopita kila asubuhi haina sababu ya kuwa hadharani, na si yako peke yako: ni ya dereva wako na kijiji kilichokulaza pia.

Najua mtakaloniuliza: kwani simu haitoshi? Mara nyingi inatosha, tena nasema hivyo wazi. GPS ya simu haihitaji laini wala intaneti. Pakua ramani za OpenStreetMap mapema kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, zote zina toleo la bure. Bila mtandao inaweza kuchelewa kupata setilaiti mara ya kwanza, kwa sababu lazima isikilize taarifa zao polepole kutoka angani. Iweke mahali pa wazi, usihamehame, subiri. Kisha izime skrini, ifiche jua, beba chaji ya akiba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na wauza saa wanichukie. Tumia simu uliyonayo, na ramani zilizopakuliwa. Pesa ikiwepo, ongeza kifaa cha betri za AA chenye vitufe, cha mitumba kama ni lazima, na ujifunze kukitumia nyumbani kabla ya safari. Ukienda mbali na mtandao, kodi au nunua kifaa kinachotuma, uulize mapema kama kinahitaji kibali. Kilichobaki nunua maji, zaidi ya unavyodhani. Mlipe mtu wa pale akuongoze, asiwe kijana wa kubeba mizigo tu bali mtu unayemsikiliza. Na mwachie mtu Garissa karatasi yenye njia yako na saa ya kurudi, na umwambie afanye nini saa hiyo ikipita.

Saa nunua kama unaipenda. Ni pambo zuri. Lakini usiniambie ndiyo itakayokurudisha nyumbani, maana mimi niliwahi kuamini ramani yangu, na aliyenisahihisha hakuwa na saa mkononi.