Kusubiri Si Kuahirisha



Juma lililopita kijana mmoja ninayemfundisha Kiswahili, mkazi wa Dzaleka, aliniuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha sarufi. Anayo kompyuta kuukuu aliyoinunua Lilongwe kwa akiba ya miezi mingi. Huitumia kuchapa barua za majirani na kuhifadhi nakala za vyeti vyao. Mfumo endeshi wake ni Windows 10, na kioo humtangazia kila mara kwamba mfumo huo hauhudumiwi tena. "Mwalimu," akasema, "nihamie mfumo mpya au nisubiri kwanza?"

Nilitaka kumjibu kwa methali, kama ilivyo desturi yetu walimu wa lugha. Ya kwanza kunijia ilikuwa "Haraka haraka haina baraka." Kabla sijafungua kinywa, ya pili ikaja: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wahenga hawakujipinga. Walituachia kazi ya kupima ni wakati gani methali ipi ina haki, na leo nakualika tuifanye kazi hiyo pamoja.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kiraka na toleo. Kiraka unakijua, ni kipande cha nguo cha kuzibia tundu. Katika kompyuta, kiraka huziba tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Toleo jipya ni vazi jingine kabisa: lina mshono mpya, na pengine halikutoshi.

Kwa upande wa toleo, wanaosubiri wana hoja. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10. Baada ya siku chache ililisimamisha, kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta mafaili yao yamefutika. Toleo hilo lilirudishwa kwa umma tarehe 13 Novemba. Aliyengoja wiki sita hakupoteza kitu.

Kwa upande wa kiraka, mambo hugeuka. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la hatari. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vikapitia tundu hilohilo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Nchini Uingereza maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao hospitalini. Kiraka kilikuwapo kwa karibu miezi miwili, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijakiweka.

Ugumu wa swali la kijana wetu ni kwamba safari hii kiraka na toleo vimefungwa pamoja. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma. Kwa watumiaji binafsi kulitangazwa mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama, uliopangiwa kikomo cha tarehe 13 Oktoba 2026, nao hupatikana kwa kujiandikisha tu. Nje ya mpango huo, anayelikataa toleo jipya amekataa na viraka.

Sasa tazama mazingira yetu. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Kompyuta moja huko huhudumia nyumba nyingi. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani, ombi la masomo la binti fulani, na barua ya mama anayemtafuta nduguye. Mwenye kompyuta hiyo ameshika amana. Akisema "mimi sijali virusi," anasema kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Hapa ndipo jambo la mashine linapokuwa jambo la uraia.

Hata hivyo, sitamlaumu anayesita. Mimi naishi Mitundu, na najua bei ya bando la gigabaiti kadhaa. Tangu dhoruba Ana ilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira Januari 2022, kila mtu hapa anajua pia maana ya giza la ghafla. Kompyuta yenye betri iliyokufa ikizimika katikati ya kubadilishwa mfumo, huenda isiwake tena. Aidha, Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Wapo mafundi wanaoweza kuupitisha kwa nguvu katika mashine isiyofaa, lakini Microsoft imesema mashine kama hizo hazina haki ya kupata masasisho. Vazi limebadilika, na ahadi ya viraka haipo.

Basi ushauri wangu ni huu. Kwanza, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje au flashi mbili, leo hii. Pili, kama mashine inakidhi masharti, chagua siku ambayo mitihani imekwisha na umeme una uhakika, kisha uhame. Ukijuta, una siku 10 za kurudi nyuma. Tatu, kama haikidhi, jiandikishe kwa viraka vya nyongeza huku ukijaribu Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Usiogope kwamba ni ya wageni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuleta programu huria za ofisi zinazosema Kiswahili.

Nimalizie kwa somo la msamiati. "Kusubiri" na "subira" ni mzizi mmoja. Anayesubiri anajua anachokingoja. "Kuahirisha" lina undugu wa asili na "akhera," maana yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu la mwisho. Mwenye kuahirisha bila tarehe husogeza jambo mpaka huko.

Nilimjibu kijana wangu hivi: "Subiri, lakini andika tarehe ukutani, na majirani waione." Nawe je, kompyuta unayoitumia imebeba amana ya nani, na tarehe yako ni ipi? Jibu kwa aya moja ya Kiswahili sanifu.