Likasi: Gazi iliyotoka hairudi yenyewe, acheni kutuuzia gazi kila wiki

Likasi. Mwezi wa kumi umefika, jua linachoma, na kwenye magaraje ya Kikula tunasikia maneno yaleyale ya kila mwaka. Shofere anafika na kulalamika: "Klima yangu asubuhi inapiga baridi vizuri, saa sita ya mchana inakufa, jioni inarudi." Fundi hafungui hata kapo ya gari. Anajibu palepale: "Gazi imeisha." Anachukua chupa, anajaza, anapokea dola zake. Wiki mbili hazipiti, shofere amerudi mlangoni.

Wandugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kwa redio, mimi mwandishi wenu nasema wazi: mara nyingi jibu hilo si kweli. Na anayelilipia mwishoni si fundi wala shofere. Ni abiria.

Tufikiri kidogo. Gazi ya klima inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haiungui kama esansi, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Sasa gazi iliyotoka saa sita ya mchana, nani ameirudisha ndani jioni? Gazi ikipungua kweli, baridi inakuwa hafifu siku nzima, asubuhi na jioni pia, na kompreseri inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache. Klima inayokufa na jua na kufufuka na ubaridi inatuambia habari nyingine: gazi iko, ila kuna kitu kinachoshindwa na joto.

Nitoe mfano nilioushuhudia mwenyewe. Tulitoka Lubumbashi kurudi Likasi, kilometa kama 120, ndani ya taksi iliyotulipisha zaidi kwa sababu ina klima. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba, anatoka hospitalini na mtoto mchanga. Karibu na Lwisha tukajikuta nyuma ya msururu wa malori ya migodi, gari inatambaa. Klima ikakata. Tufungue vioo, vumbi. Tufunge, jasho. Mtoto akawa analia bila sauti, nguo zimelowa. Shofere akaapa mbele yetu kwamba gazi alijaza jana yake, na kwamba ilikuwa mara ya tatu tangu mwezi wa nane.

Tukasimama. Tukafungua kapo, moteri inazunguka, klima imewashwa. Kondanseri, ile wavu ya chuma iliyo mbele ya radiateri, ilikuwa imejaa vumbi jekundu kama ukuta wa matofali. Ventilateri yake haikuzunguka hata kidogo. Tulikuwa na bidoni ya maji. Tukamwagia polepole kwenye kondanseri peke yake, mikono mbali na ventilateri kwa sababu inaweza kushtuka na kuanza kuzunguka. Dakika chache tu, baridi ikarudi. Maji ya kunywa yalifanya kazi iliyoshinda chupa 3 za gazi.

Kwa nini? Kazi ya kondanseri ni kutoa nje joto ambalo gazi imelibeba kutoka ndani ya gari. Gari ikikimbia, upepo wa barabara unasaidia. Ikitambaa au ikisimama, ventilateri peke yake ndiyo inavuta hewa. Kama imekufa, au vumbi limeziba, joto halitoki, na presha ndani ya mabomba inapanda sana. Hapo kuna swichi ndogo ya kulinda mashini: presha ikizidi, inakata umeme wa kompreseri ili bomba lisipasuke. Presha ikishuka, inarudisha. Ndiyo sababu klima inakufa nyuma ya lori na kufufuka barabara ikifunguka.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ukiongeza gazi kwenye gari ya namna hiyo, presha inapanda zaidi. Gari ndogo nyingi zinabeba gramu 400 hadi 600 tu za gazi ya R134a, na kiasi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Fundi anayejaza kwa kukisia, bila mizani, bila saa za kupima presha, anaweza kuizidisha mara moja. Halafu gari iliyokuwa inakata saa sita inaanza kukata saa nne. Shofere anarudi. Fundi anasema tena: gazi. Ugonjwa wenyewe sasa ni dawa!

Si vumbi peke yake, hapana. Kuna ambreyaji ya kompreseri, lile sahani la mbele ambalo sumaku ya umeme inalivuta ili kompreseri izunguke. Ikizeeka, nafasi kati ya sahani na puli inapanuka. Inatakiwa iwe chini ya milimeta moja, mara nyingi karibu nusu milimeta. Moteri ikichemka, waya wa sumaku unapata joto na nguvu yake inapungua, sahani linaachia. Gari ikipoa, linashika tena. Kupima si kazi ya injinia. Klima ikishakufa, usizime kitu, tazama: puli inazunguka lakini sahani limesimama? Chukua taa ya kujaribia umeme, gusa waya wa kompreseri. Taa ikiwaka vizuri na sahani limesimama, ugonjwa uko kwenye ambreyaji. Taa isipowaka, fuata nyuma: rele, fyuzi, waya, swichi ya presha. Rele nayo inaweza kushindwa na joto, na kwenye gari nyingi unaweza kuibadilishana kwa muda na nyingine ya aina ileile, ya honi kwa mfano, ili kujua ukweli bila kununua.

Na kama baada ya saa nzima ya safari upepo wenyewe unapungua, unasikia ventilateri ya ndani inavuma lakini hewa haitoki, ndani kumeganda barafu. Zima klima, acha upepo utembee dakika 15. Ikirudi, tafuta kipimo cha baridi kilichoharibika au chujio lililojaa vumbi. Maji yaliyoingia ndani ya mabomba, kwa sababu fundi alifungua na kujaza bila kuvuta hewa kwanza, nayo yanaganda kwenye tundu dogo na kuziba, kisha yanayeyuka.

Mafundi wataniambia: "Mwandishi, sisi hatuna mashini." Nawaelewa. Lakini taa ya kujaribia na bidoni ya maji si mashini. Na kama hamna saa za presha, semeni hamna, msiuze gazi kwa kukisia. Chupa zenyewe tunazijua zinatoka wapi? Mwaka 2011, makontena ya baridi yaliyojazwa huko Vietnam gazi ya bandia, iliyoandikwa R134a, yalilipuka na kuua watu. Hata R134a ya kweli si ya kumwaga hewani. Ni mojawapo ya gazi ambazo nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza huko Kigali, mwezi wa kumi 2016, kwa sababu zinaongeza joto la dunia. Sisi wa Likasi joto tunalo la kutosha.

Mashofere nao wasijifiche. Wengi wanadai kazi ya dakika kumi kwa sababu mwenye gari anasubiri pesa yake kila jioni, na gari kulala garaje siku moja ni ugomvi. Basi mwenye gari asikie: chupa 3 za gazi tangu mwezi wa nane zimetoka kwenye mfuko wake pia.

Wapo watakaosema klima ni mambo ya wakubwa, maskini anafungua kioo. Waseme hivyo nyuma ya lori la migodi kati ya Likasi na Fungurume, na mtoto wa wiki 3 mapajani. Kwenye barabara hii kufunga kioo si kujidai. Tena aliyelipa bei ya klima amenunua klima. Ikifa njiani, ile ziada irudishwe kabla abiria hajashuka. Sioni kwa nini tunaona haya kuidai.

Na kwenu, familia mnaochangishana pesa kukodi basi dogo kwa ajili ya matanga au kwenda kutazama mashamba mliyoyaacha: msipime klima asubuhi, asubuhi kila klima ni nzima. Nendeni mchana, gari isimame juani, moteri na klima viwake dakika 20. Tazameni kama ventilateri ya mbele inazunguka. Ndipo mtoe pesa.

Yule shofere wa Lwisha nilimkuta tena juzi. Aliweka ventilateri ya okazyo, akasafisha kondanseri, na gazi iliyozidi ikatolewa na fundi mwenye mashini ya kuivuta, huko Lubumbashi. Hajanunua chupa nyingine tangu siku hiyo. Fundi wake wa zamani, anasema, hamsalimii tena.