Nguvu za tarakilishi zisiwe mzigo wa mwanafunzi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutwambia, hata hivyo, afanyeje mtu ambaye deni lake lilikua usiku yeye akiwa usingizini.

Niliikumbuka methali hiyo mwezi uliopita, mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne aliponijia ofisini akiwa mnyonge. Mradi wake ni wa kuifunza tarakilishi itambue matamshi ya Kiswahili, kwa kutumia rekodi zilizotolewa na watu wa kujitolea katika hazina ya Common Voice. Kipakatalishi chake kilishindwa na kazi hiyo. Akaamua kukodi, kupitia intaneti, mashine yenye nguvu iliyoko ng'ambo, kwa shilingi 120 kwa saa, malipo yakikatwa katika kadi ya benki ya mjomba wake. Ijumaa saa kumi na mbili jioni kazi ilikwisha, naye akafunga kipakatalishi akaenda zake, akidhani kwamba kwa kufanya hivyo ameirudisha mashine kwa wenyewe. Alipogundua kosa lake Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, saa 84 zilikuwa zimepita, na deni limefika shilingi 10,080. Ilikuwa kama mfereji ulioachwa wazi, maji yakimwagika bila ya mnywaji.

Wengi watamnyoshea kidole kijana huyo. Mimi najinyoshea mwenyewe, pamoja na walimu wenzangu. Tuliuidhinisha mradi bila ya kuuliza utaendeshwa kwa mashine gani, wala kwa fedha za nani. Mwanafunzi wa kemia hatumtumi dukani akajinunulie asidi ya maabara. Mbona huyu wa tarakilishi tumwache aombe kadi ya mjomba?

Jambo hili lilipata kufikiriwa zamani. Mnamo 1964, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz waliunda mfumo uliowawezesha wanafunzi wengi kuitumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mtambo wake wa kupigia chapa, mbali na tarakilishi yenyewe. Waliamini kwamba tarakilishi ya chuo iwe kama maktaba, mwanafunzi aingie bila ya kuulizwa ana nini mfukoni. Leo mashine za mbali ni biashara. Amazon ilianza kuzikodisha kwa saa mwaka wa 2006, na mwaka wa 2020 ikafungua vituo vyake Cape Town. Teknolojia imetukaribia, lakini ile imani ya maktaba tumeiacha nyuma.

Kuna watakaosema kwamba vyuo vinunue mashine vyenyewe. Panapokuwa na kazi ya mwaka mzima, naam. Lakini mashine ya bei kubwa inayohitajiwa majuma machache tu wakati wa miradi itazeeka ikiwa imefungiwa chumbani, nayo yadai umeme usiokatika na ubaridi wa kudumu. Kwa kazi ya msimu, kukodi ni busara. Kosa ni kumwachia mwanafunzi akodi peke yake.

Napendekeza basi kila idara ifungue akaunti moja, na kila mradi upewe fungu lake pamoja na kikomo. Msimamizi aone matumizi kila siku, wala asitegemee onyo la kampuni pekee, kwani mara nyingi onyo hilo ni barua tu, haliizimi mashine. Aidha, tuwafunze vijana adabu ya kukodi. Waijaribu programu kwanza kwa data kidogo kwenye vipakatalishi vyao, ili makosa ya bure yasilipiwe. Wahifadhi kazi kila baada ya muda, ili ikikatika isianzwe upya. Waiamuru mashine ijizime kazi ikiisha, kisha waifute pamoja na hifadhi yake, kwa sababu hata mashine iliyozimwa huweza kuendelea kutozwa ada ya hifadhi.

Kijana yule aliniomba ruhusa abadilishe mada, achukue nyepesi isiyohitaji gharama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko deni. Mwenzake aliye na mzazi tajiri angeendelea bila ya wasiwasi, na matokeo yao tungeyapima kwa mizani moja tukadai kwamba tumetenda haki. Isitoshe, iwapo wana wetu wataikimbia kazi ya kuzifunza mashine Kiswahili kwa kukosa shilingi elfu kumi, kazi hiyo itafanywa na wengine huko mbali, nasi tutauziwa lugha yetu wenyewe.

Nilimkatalia. Sasa ni zamu yetu walimu kumtafutia mashine.