Miti ya Ulaya na Baridi Kali

Msomaji mpenzi, ukiona picha ya kijiji cha Ujerumani mwezi wa Januari utadhani moto umepita pale. Miti ni mitupu, haina hata jani moja, na chini kote ni theluji. Mwenye kutafuta kuni angeshika shoka mara moja. Lakini kwangua gome kidogo kwa ukucha: ndani mna ubichi. Mti u hai.

Kwa nini basi umetupa majani yake? Sababu kubwa ni kiu. Jani hutoa maji hewani, na mizizi huyarudisha. Ardhi ikiganda, mizizi hainywi kitu, na mti wenye majani mapana ungekauka kama nguo kambani. Kwa hiyo mti kwanza hurudisha chakula kilichomo majanini, hukiweka akiba shinani na mizizini, kisha hufunga njia kwenye kikonyo, na jani huanguka. Misonobari haina haja ya kufanya hivyo, maana majani yake ni membamba kama sindano, tena yamepakwa nta.

Labda utauliza mti hujuaje kwamba baridi yaja. Hupima urefu wa mchana. Kwetu mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, lakini kule Berlin, mwezi wa Desemba, mchana haufiki hata saa 8.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, ndiyo barafu. Mwili wa mmea umejengwa kwa vijumba vidogo mno, kila kimoja kina maji. Maji yakigandia humo ndani, barafu hurarua ngozi yake laini, nacho hufa. Ndugu zetu wa Njombe na Kinangop wanaijua sakitu: jioni viazi ni vya kijani, asubuhi vyeusi kama vimeunguzwa. Mti wa nchi za baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari. Tena huyatoa maji mengine nje ya vijumba, yakagande katika nafasi zilizo katikati, pasipo madhara. Yanayobaki ndani ni mazito, hayagandi upesi.

Theluji nayo si adui kila mara. Wakulima wengi huifurahia, kwa kuwa huifunika ngano iliyopandwa Oktoba kama blanketi. Ajabu ni kwamba ngano ya namna hiyo isipopata baridi ya kutosha haitoi masuke vizuri!

Lakini maandalizi haya yote huchukua majuma mengi. Tawi linalostahimili nyuzi 30 chini ya sifuri mwezi wa Januari, lingekufa kwa nyuzi chache tu kama baridi ingelikuta Julai. Na mti ulioamka haurudi kulala kwa siku moja.

Hayo waliyaona kwa uchungu wakulima wa Provence, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1956. Januari ilikuwa na joto kuliko desturi, na utomvu wa mizeituni ukaanza kupanda. Mwanzoni mwa Februari baridi kali ikashuka ghafla, ikakaa majuma kadhaa. Magome yalipasuka, na mizeituni kwa mamilioni iliharibika. Fikiri, msomaji, miti iliyopandwa na babu wa babu zao, iliyowapa mafuta ya chakula na fedha ya nyumbani, imekauka katika mwezi mmoja. Na mzeituni si mhindi. Hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa vema.

Wengine waling'oa yote wakapanda mizabibu. Siwalaumu, watoto walitaka kula. Wengine walikata miti mpaka chini, wakangoja. Mizizi ilikuwa imekingwa na udongo, isife kama matawi. Machipukizi yakatokea pembeni mwa visiki, wakachagua yaliyo bora wakayatunza. Hata leo huko Provence iko mizeituni yenye mashina matatu au manne yaliyotoka mahali pamoja. Katikati yake ndipo kilipokuwa kisiki cha mwaka 1956.